Jina la Mpiga Ilimba: Mhadhara juu ya Tuzo za Albamu za Muziki wa Asili



Mwishoni mwa Januari 2010, mjini Los Angeles, tuzo ya Grammy ya albamu bora ya muziki wa dunia wa kisasa ilichukuliwa na Béla Fleck, mpiga banjo wa Marekani. Albamu yenyewe ilikuwa imerekodiwa Afrika. Mwaka 2005 Fleck alisafiri Uganda, Tanzania, Gambia na Mali akitafuta chimbuko la banjo, ala ambayo Waafrika waliovushwa Atlantiki utumwani waliibeba vichwani na kuiunda upya huko walikofikishwa. Kila alipotua aliketi na wenyeji, akapiga nao, akarekodi. Jina la albamu hiyo, ambalo pia ni jina la filamu ya safari yake, asili yake ni Bagamoyo. Ndani yake yumo Anania Ngoliga, mwanamuziki wetu asiyeona, anayepiga ilimba na kuimba kwa Kiswahili. Wamo watu wa ukoo wa Zawose. Wamo wapiga marimba wa Uganda. Nyimbo zilizosalia katika safari ileile zilitolewa kuwa albamu ya pili, nayo mwaka 2011 ikashinda katika kipengele kilekile.

Sauti za Tanzania, basi, zimeingia Grammy mara mbili mfululizo. Ni Watanzania wangapi wanaojua?

Sina lawama kwa Fleck. Kila wimbo aliouweka aliandika umepigwa na nani, na mwaka 2009 Anania na mwanamuziki mwenzake John Kitime walikwenda Marekani wakapanda naye jukwaani mji baada ya mji. Ndivyo muungwana anavyofanya. Ninachotaka mkitazame ni kanuni ya tuzo. Katika vipengele vya albamu vya aina moja moja ya muziki, sanamu ya gramafoni hupewa msanii aliyeshika zaidi ya nusu ya muda wa albamu, pamoja na watayarishaji na mafundi sauti waliotimiza kiwango hicho. Aliyealikwa kwa wimbo mmoja au miwili hana fungu katika sanamu. Kwa albamu ya nyota wa pop kanuni hiyo ni ya haki kabisa. Kwa albamu ambayo thamani yake inatokana na wale walioalikwa, kanuni hiyohiyo inamheshimu mwenye msafara na kuwaacha wenye nyumba.

Jioni ya leo nina jambo moja la kuwaambia. Majaji wa tuzo hawawezi kulitunuku jina ambalo halikuandikwa, wala muziki ambao hakuna aliyeuchorea kipengele. Sisi tunaoutaka muziki wetu wa asili uheshimiwe tumezoea kusubiri usiku wa sherehe na kulalamika asubuhi yake. Kazi ilitakiwa ianze miaka mingi nyuma, siku wimbo uliporekodiwa, na siku mtu alipokaa mezani akapanga muziki upi uitweje.

Tuanze na meza hiyo. Tarehe 29 Juni 1987, wenye kampuni ndogo za santuri za Uingereza walikutana katika baa moja ya London iliyoitwa Empress of Russia. Walikuwa na shida ya kibiashara, na ilikuwa shida ya kweli: mteja aliyetaka mbalax ya Senegal, qawwali ya Pakistan au taarab ya Unguja angeitafuta wapi dukani? Wenye maduka hawakuwa na rafu ya kuiweka. Wakaafikiana jina moja la kubandika juu ya rafu hiyo, muziki wa dunia. Mwaka 1990 jarida la Billboard likaanzisha chati yake, na mwaka 1992 Grammy ikatoa kwa mara ya kwanza tuzo ya albamu bora ya muziki wa dunia. Rafu ya duka ikawa kipengele cha heshima, na hakuna aliyesimama kuuliza kama zeze la Wagogo na samba ya Rio de Janeiro zinaweza kupimwa kwa sikio moja.

Tazama walioshinda miaka ile ya mwanzo. Mwaka 1992 alishinda Mickey Hart, mpiga ngoma wa bendi ya Grateful Dead ya Marekani, akiwa na mafundi wa ngoma kama Babatunde Olatunji wa Nigeria na Zakir Hussain wa India. Mwaka 1994 alishinda Ry Cooder, mpiga gitaa wa California, pamoja na Vishwa Mohan Bhatt wa India. Mwaka 1995 ni Ry Cooder tena, safari hii pamoja na Ali Farka Touré wa Mali, kwa albamu ya Talking Timbuktu. Mgeni alikuwa akiingia mlangoni ameshikwa mkono na mwenyeji mashuhuri. Wapiga kura wa Grammy wengi ni watu wa kazi ya muziki nchini Marekani, na mpiga kura mbele ya orodha ndefu ya majina mageni hulipigia lile analolitambua. Yeyote kati yetu angefanya hivyo.

Ali Farka anastahili tusimame kwake kidogo. Alikuwa mkulima wa Niafunké, kando ya mto Niger, na hata baada ya dunia kumjua alirudi shambani, akaweka fedha zake katika umwagiliaji, na mwaka 2004 akawa meya wa mji wake. Februari 2006 alipata Grammy ya pili, kwa albamu ya In the Heart of the Moon aliyoirekodi na mpiga kora Toumani Diabaté katika hoteli moja ya Bamako. Safari hii majina yaliyoandikwa juu ya jalada yalikuwa mawili, yote ya Mali. Alifariki mwanzoni mwa Machi, mwezi mmoja tu baadaye. Ilichukua miaka kumi na mmoja kutoka jalada la kwanza kufika hilo la pili. Kipaji chake hakikuongezeka kitu kati ya miaka hiyo. Kilichoongezeka ni idadi ya wapiga kura waliolijua jina lake.

Na lilisaidia jambo jingine ambalo watu hulisahau. Kuanzia 2004 mpaka 2011 kipengele cha muziki wa dunia kilikuwa kimegawanywa viwili, cha asili na cha kisasa. Katika miaka hiyo michache upande wa asili ulitunuku watawa wa Tibet wa monasteri ya Sherab Ling, Ladysmith Black Mambazo mara mbili, Soweto Gospel Choir mara mbili, na mwaka 2010, usiku uleule wa ushindi wa Fleck, Mamadou Diabate wa Mali kwa albamu ya kora. Muziki usio na gitaa la umeme wala mgeni mashuhuri ulikuwa na kiti chake, na haukulazimika kushindana na nyota wa redio.

Kiti hicho kilivunjwa. Aprili 2011 Grammy ilipunguza vipengele kutoka 109 hadi 78. Muziki wa dunia wa asili na wa kisasa ukarudishwa chungu kimoja. Muziki wa Hawaii uliokuwa na kipengele chake tangu 2005, wa wenyeji wa asili wa Marekani tangu 2001, na wa zydeco na cajun wa Louisiana tangu 2008 tu, wote ukaingizwa katika kipengele kipya cha albamu bora ya muziki wa asili wa kimaeneo. Polka, iliyokwisha kufutiwa kipengele chake 2009, nayo ikaelekezwa humo. Kisha ikawekwa kanuni kwamba kipengele kitakachopata albamu zisizofika 25 kwa mwaka kitasimamishwa mwaka huo. Ukilisoma haraka utaona ni jambo la busara tu. Lisome mara ya pili ukiwa mtu wa lugha ndogo, ambayo kwa mwaka mzima huenda inatoa albamu kumi, zote nzuri.

Matokeo yake yako wazi kwa anayependa kuhesabu. Tuzo tano za kwanza za kipengele hicho kipya, kuanzia Rebirth Brass Band mwaka 2012 hadi Jon Cleary mwaka 2016, zote zilikwenda kwa muziki wa Louisiana. Baada ya hapo Hawaii ikaanza kupokezana na Louisiana, na katikati wakapenya Ranky Tanky wa South Carolina mara mbili, 2020 na 2023, kwa nyimbo za Wagullah, wajukuu wa Waafrika waliohifadhi lugha na midundo yao katika visiwa vya pwani ile. Hadi tuzo za 2025, albamu ya wenyeji wa asili wa Marekani haijashinda hata mara moja katika kipengele hicho. Polka nayo vivyo hivyo. Wenyeji hao wa asili waliokuwa na tuzo yao kwa miaka kumi na mmoja waliunganishwa na wengine kwa jina la usawa, na tangu hapo hawakutajwa tena kwenye ushindi. Hakuna aliyewafukuza. Walichanganywa tu na wenye wapiga kura wengi zaidi.

Hapo ndipo alipotokea Kalani Peʻa. Ni kijana wa Hilo, katika kisiwa kikubwa cha Hawaii, aliyesomeshwa katika shule inayofundisha masomo yote kwa Kihawaii, lugha iliyokuwa ukingoni mwa kufa wakati wa wazazi wake. Mwaka 2017 alikuwa wa kwanza kuipeleka Hawaii ushindini katika kipengele hicho kipya, kwa albamu yake ya kwanza. Ameshinda tena 2019, 2022 na 2025. Nawaomba walimu mlioko hapa mlishike hili. Nyuma ya sanamu zile nne ziko shule za chekechea. Watu wa Hawaii walianza kuwafundisha watoto lugha yao katika miaka ya themanini bila kufikiria tuzo yoyote, na watoto wale walipokua walikuwa na la kuimba.

Kiswahili nacho kimeshinda Grammy, ingawa habari hiyo nayo husimuliwa nusu. Mwaka 2011 wimbo wa Baba Yetu, ambao maneno yake ni Sala ya Bwana kwa Kiswahili, uliipata tuzo ya upangaji wa muziki unaosindikiza sauti. Ulikuwa wimbo wa kwanza uliotungwa kwa ajili ya mchezo wa kompyuta kupata Grammy. Mtunzi ni Christopher Tin wa California, na katika albamu iliyoshinda waimbaji ni Soweto Gospel Choir wa Afrika Kusini. Ni wimbo mzuri, na nafurahi kila ninaposikia kwaya ya mbali ikiuimba. Ila hauna mtunzi, mpangaji wala mwimbaji kutoka kwenye nchi zinazozungumza lugha hiyo. Dunia imekwisha kuipenda sauti ya Kiswahili. Wanaokiimba kutoka tumboni mwa mama zao bado hawajaitwa kwa majina.

Si kweli kwamba hatukuwa na majina. Mwaka 1928 Siti binti Saad alivuka bahari hadi Bombay na wenzake wa kundi, wakiwemo Subeti bin Ambari, Mbaruk Effandi na Maalim Shaaban, wakarekodi santuri za kwanza za taarab ya Kiswahili kwa kampuni ya His Master's Voice. Santuri zile ziliuzwa pwani nzima. Siti alifariki Julai 1950, kabla Grammy ya kwanza haijatolewa mwaka 1959, na Shaaban Robert akamwandikia wasifu. Kitabu kile, kwa maoni yangu, ndiyo tuzo kubwa kuliko zote alizowahi kupewa msanii wa Afrika Mashariki, maana kimemfanya mtoto wa shule wa Songea amjue mwimbaji wa Unguja asiyepata kumsikia. Lakini waulize watoto haohao Mbaruk Effandi alikuwa nani, au Subeti.

Bi Kidude binti Baraka alikuja kuvuna kidogo. Mwaka 2005, mjini Newcastle, alikabidhiwa tuzo ya WOMEX, maonyesho makubwa ya biashara ya muziki wa dunia. Tuzo hiyo hutolewa kwa mtu na maisha yake, haingoji albamu ya mwaka, na hiyo ndiyo siri ya kwa nini ilimfikia. Kwa kanuni za Grammy asingepita hata mlango wa kwanza. Huko albamu inatakiwa iwe na nyimbo tano zenye jumla ya angalau robo saa, au itimize nusu saa kwa namna yoyote nyingine, iwe imetolewa rasmi nchini Marekani, na iwe imetoka katika mwaka unaohukumiwa. Bi Kidude aliimba tangu utotoni. Albamu yake ya kwanza peke yake ilipotoka alikuwa bibi kizee. Unyago aliousimamia maisha yake yote ni wa faragha ya wanawake. Haukutungwa uwekwe dukani, na haukuwa na deni lolote kwa duka.

Kuna tuzo nyingine iliyotufikia ambayo haikutangazwa inavyostahili. Oktoba 2022, mjini Muscat, Tuzo za Muziki za Aga Khan zilitolewa kwa mara ya pili, baada ya zile za mwanzo za Lisbon mwaka 2019. Miongoni mwa waliotunukiwa alikuwamo Yahya Hussein Abdallah wa Dar es Salaam, msomaji wa Kurani na mwimbaji na mtunzi wa kasida. Aliwekwa safu moja na Zakir Hussain wa tabla na Afel Bocoum wa Mali. Tuzo hizo zimeanzishwa mahsusi kwa ajili ya muziki wa jamii za Waislamu na walezi wake, na majaji wake wanaujua uwanja wanaouhukumu. Ndiyo maana waliweza kumwona mtu ambaye vipengele vya kawaida vya tuzo zetu havina hata mahali pa kumwandika.

Na heshima ya nje ina nguvu nyumbani, tukubali. Youssou N'Dour alipotoa albamu ya Egypt mwaka 2004, akiwasifu mashehe wa tarika za Senegal kwa msaada wa okestra ya Cairo, wengi kwao walimkasirikia. Waliona mwimbaji wa dansi hana ruhusa ya kugusa mambo ya dini. Mwaka 2005 albamu ikashinda Grammy, na Dakar ikampokea kwa shangwe. Muziki haukubadilika hata noti moja. Nafurahi kwa ajili yake, na bado nasononeka kwamba ilibidi Los Angeles iwafundishe watu wa Dakar kumsikiliza mwana wao.

Sasa nyumbani kwetu. Tuzo za Muziki Tanzania, ambazo wengi tulizijua kama tuzo za Kili, zilianza 1999, zikasimama baada ya 2015, zikarudi 2022 chini ya Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA. Nazishukuru. Zimeipa taarab kipengele, na zilikuwa na kipengele cha wimbo bora wenye vionjo vya asili ya Kitanzania. Kipengele hicho kilifanya kazi njema kwa wasanii vijana waliotia zeze na ngoma katika nyimbo za redio. Lakini vionjo ni kidogo cha kulamba. Wagogo wenyewe wa nyimbo za sauti nyingi, Wamakonde wa sindimba, Wasukuma wa bugobogobo hawapigi vionjo. Wanapiga muziki mzima, na hakuna palipoandikwa jina la albamu yao. Marehemu Hukwe Zawose alirekodi Real World, kampuni ya Peter Gabriel, akazunguka majukwaa ya Ulaya, akafariki Bagamoyo Desemba 2003. Mtu wa kiwango chake angezaliwa leo Doduma, angewania kipengele gani hapa nchini?

Ninapendekeza kuwe na tuzo ya albamu ya muziki wa asili, ya albamu nzima, tofauti na ile ya vionjo. Isiwe ya kura za simu. Majaji wawe wazee wa kazi na wasomi wa muziki wanaozijua lugha zinazoimbwa, na ikiwa mwaka huu zimekuja albamu nne tu, zisikilizwe hizo nne. Sheria ya kusubiri zifike 25 tuwaachie wenye nchi yenye kampuni za santuri kila mtaa. Kisha tuzo yenyewe ikabidhiwe kundi zima lililotajwa kwenye jalada, mpaka mpiga rika wa nyuma.

Jalada ndilo lenye uzito kuliko yote. Mfululizo wa Zanzibara uliosimamiwa na Werner Graebner kwa kampuni ya Buda Musique ya Paris, ulioanza na miaka mia ya Ikhwani Safaa, klabu iliyoundwa 1905, umeambatanishwa na vijitabu vinavyoeleza wapigaji na historia ya nyimbo. Vijitabu vya namna hiyo ndivyo vinavyompa mtafiti, mwalimu na jaji pa kuanzia. Grammy yenyewe imekuwa na tuzo ya maelezo ya albamu tangu miaka ya sitini, na nyingine ya albamu za kihistoria. Mkusanyo wa Opika Pende, wenye rekodi 100 kutoka santuri za zamani za Afrika, uliteuliwa kuwania hiyo ya kihistoria mwaka 2013. Njia ipo, na inapita kwenye maandishi.

Wakati huohuo, mikononi mwetu muziki wa asili unapakiwa mtandaoni kila siku ukiwa na picha moja, jina la kundi na namba ya simu ya meneja. Mtunzi hayumo. Mwaka haumo. Kijiji hakimo. Mpiga ganuni aliyejifunza miaka kumi hana hata herufi moja. Siku akifa, na siku mgeni atakapokuja kutoa tuzo, tutasema ngoma hii ni ya kabila, mtunzi wake hajulikani. Alikuwa akijulikana. Tuliona uvivu kuandika.

Kwa hiyo ombi langu ni kwenu wenye klabu za taarab, wenye studio, maafisa utamaduni wa wilaya na ninyi wanafunzi wenye simu zinazorekodi. Kabla hamjapakia wimbo mwingine wowote wa asili, waulizeni waliopiga majina yao matatu, ala ya kila mmoja, aliyetunga, mahali na mwaka, kisha muyaandike na nakala moja muipeleke BASATA. Anzeni na wazee.